Kiwanja cha Bashiri Pale Jorodom

Sogeeni wanangu, sogeeni karibu, maana sauti yangu imekuwa ya kuokoteza na sitaweza kusema hili mara mbili. Shabani, kaa hapo miguuni ambapo nakuona uso, na wewe Safina acha kunipepea, njoo ushike huu mkono wa kushoto ambao bado una joto. Kabla hujakaa, vuta hilo pazia. Sitaki kuuona mlima. Nimeishi chini yake tangu marehemu baba yenu aliponileta hapa Katesh kutoka Dongobesh nikiwa msichana, nikauzoea kama mtu anavyozoea paa la jirani, lakini tangu ile asubuhi ya Desemba tope liliposhuka, nikiuona umejifunika wingu moyo unaanza kwenda mbio, na daktari aliwaambia wenyewe kwamba moyo huu hauwezi tena mbio.

Msinitazame hivyo. Mtu mzima anazijua siku zake, na mimi sikatai kuitwa. Nimewaita kwa jambo moja tu, nalo ni kile kiwanja cha Jorodom ambapo Jumamosi iliyopita mliweka jiwe la msingi la hosteli ya wasichana kwa jina la baba yenu, na wiki ijayo mafundi wanaanza kuchimba. Naogopa, wanangu. Siwafichi. Kufa naogopa kama binadamu yeyote, lakini hosteli ile naiogopa zaidi.

Mali nitaipitia haraka, kwa sababu haina ugomvi kama hamtautafuta. Mashine ya kusaga, Fuso, duka la pembejeo na nyumba hii, sheikh ameshawaeleza vitagawanywa vipi, na mimi sina la kupangua juu ya alilopanga Mungu. Fungu langu la mjane, ile thumuni, niliomba nikatiwe pale Jorodom, mkakubali upesi, mkaambizana kwamba mama ana huruma, anataka kiwanja kile kiwe sadaka. Nilikichukua ili kisijengwe, halafu nikakaa kimya, na kimya changu mkakifanya ruhusa. Kamati ikaundwa, grupu la WhatsApp likafunguliwa, wageni wakaja na ahadi zao, na kila nilipofungua mdomo niseme, niliwaona mlivyo na furaha ya kumkumbuka baba yenu, nikaufunga tena.

Na ninyi siwalaumu, maana mtu kama Bashiri hasahauliki. Baba yake alitoka Kondoa na punda na chumvi, yeye akaanza na kibanda cha kuuza mafuta ya taa, na alipofika pa kuitwa mzee na tajiri bado alikuwa anafagia mwenyewe mlango wa duka. Madawati ya shule mliyokalia ninyi na wenzenu, mengine yalikuwa yake na hamkujua. Kila msiba wa mtu asiye na kitu, mbao za jeneza zilitoka kwetu, kwa Mkristo na kwa asiye na dini, na ole wake aliyekuja kushukuru! Baba yenu alikuwa anageuka mbogo, anamwambia mtu mzima mwenzake ampishe, foleni ya kusaga ni ndefu. Mwaka ule wa ukame, ng'ombe wanaanguka huko bondeni kama magunia, alimsagia Gidahosh, yule mfugaji Mbarabaig, na ukoo wake wote bila kuuliza neno. Mvua iliporudi Gidahosh akaleta mtamba wa shukrani, Bashiri akamkataa, Gidahosh akamfunga mlangoni akaondoka, Bashiri akamrudisha na gunia la chumvi juu yake, wakanuniana kama watoto mpaka mtamba akazaa, ndipo wakakubaliana ndama awe wa huku na mama awe wa kule. Huyo ndiye baba yenu. Kwenye lile bango lenu mmemweka anacheka meno yote nje. Alipigwa picha chache sana na zote amenuna, sijui mmemchekesha kwa kompyuta.

Safina, usilie, niache nicheke kidogo. Nipe maji. Kidogo tu, yanatosha.

Siku ya mazishi kila aliyesimama alisema wema hauozi, na kwamba Bashiri alikufa akiokoa watu, alirudi kwenye godauni lake wakati tope linakuja akawatoa wanawake waliokuwa wamelala humo. Ni kweli, hakuna aliyeongopa. Lakini hakuna aliyeuliza walikuwa wamelala humo kwa nini, na hawakutoka wenyewe kwa nini. Sasa nawaambieni lililonikaa kooni.

Mnakumbuka wale kina mama wa vijiji vya Masieda na Daudi waliokuwa wakishuka na vitunguu saumu wakati wa mnada. Gesti hawakuwa na uwezo nayo, wakawa wanalala barazani kwa watu, na walevi wa mnada mnawajua. Baba yenu akasema haiwezekani mama wa mtu alale nje na yeye ana paa. Akawapa godauni la Jorodom, akawatandikia maturubai, wakawa wanalala bure kila msimu. Na ili walevi wasiwasumbue, kila jioni akiwaaga alikuwa anafunga mlango kwa kufuli, kwa nje, anaondoka na ufunguo mfukoni. Wenyewe walimwomba afanye hivyo. Walikuwa wanamwombea dua kwa ajili ya kufuli lile. Asubuhi akirudi kutoka msikitini anapita Jorodom, anawafungulia, wanakwenda mnadani. Miaka na miaka, hakuna aliyeona kosa, hata mimi sikuliona, na mkinichimba moyoni leo sijui kama ninaweza kuliita kosa. Ulikuwa wema, na wema ule ulikuwa na kufuli.

Ile asubuhi mvua ilikuwa imenyesha mno, hakwenda msikitini, aliswali hapa hapa nyumbani. Kwa hiyo mlango ulikuwa haujafunguliwa. Tulisikia mlima unanguruma, mimi nikadhani ni radi, halafu ikawa radi isiyokoma, na ardhi ikaanza kutetemeka chini ya kitanda. Watu wakapita mbio wakipiga kelele kwamba korongo linashusha mawe na miti. Sisi huku tulikuwa salama, korongo liko ng'ambo, kule Jorodom. Nikamwona anajifunga viatu. Nikamshika kanzu kwa mikono yote miwili, nikamwambia watu wengi wako kule, watawasaidia. Akanitazama. Sura ile sijapata kuiona, hofu tupu, Bashiri ambaye hakuogopa simba wala askari. Akaniambia: "Sada, niache. Ufunguo ninao mimi."

Nikamwachia.

Yaliyobaki nimeyapata kwa Juliana wa Masieda, yule mama anayeniletea kitunguu saumu kila msimu na kukaa na mimi bila kuongea sana. Aliniambia tope la kwanza lilikuwa limeshaingia chini ya mlango, wanawake wanaupiga mlango kwa mikono, kwa mawe, kwa vichwa, na madirisha yana nondo. Waliposikia ufunguo unahangaika kwenye kufuli, baadhi yao walianza kumshukuru Mungu kabla mlango haujafunguka. Wachache walitoka, Juliana akiwa wa mwisho. Baba yenu akampita akaingia ndani, kwa sababu kulikuwa na sauti bado zinaita. Juliana anasema aligeuka, na godauni halikuwepo. Gidahosh na vijana wake ndio waliompata baba yenu, huko chini kabisa, na mnajua walivyompata, sitarudia.

Juliana na wenzake waliotoka hawajamwambia mtu habari ya kufuli. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Mama, angekuwa mtu mbaya ningeisema sokoni." Basi na ninyi msiitangaze, lakini ndugu wa wale waliobaki ndani wakija siku moja kuwauliza, msiseme uongo. Kaeni nao chini muwaambie kama nilivyowaambia.

Sasa mmeelewa ninachokiogopa? Hosteli ya wasichana ni kitu gani? Ni watoto wa watu wamelala wengi chumba kimoja, madirisha ya nondo wezi wasiingie, mlango umefungwa na matroni vijana wasiingie, na ufunguo uko kwa mtu mmoja. Ni godauni la baba yenu limepakwa rangi! Na mnalisimamisha pale pale, kwenye njia ile ile. Shabani, najua unachotaka kusema. Utasema mhandisi amechora ukuta wa mawe, utasema mlima umeshatapika hautatapika tena. Mimi sibishani na mhandisi, sikusoma. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nimeumwa. Tangu siku ile nalala na viatu miguuni, Safina ndiye anayenivua nikishapitiwa na usingizi, anadhani sijui. Matone yakianza juu ya bati nakaa kitako nawasikia wanapiga mlango. Na tangu mlipoweka jiwe lile, sauti zimekuwa za watoto.

Ngoja. Ngoja nipumue.

Wasichana wanaotoka bondeni kuja sekondari wanapanga vyumba mitaani na wanaharibikiwa, hilo ni kweli, na baba yenu angelia. Wajengeeni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lipo eneo lile tambarare nyuma ya mashine, mbali na korongo, ambalo mnalitaka kwa ajili ya gereji. Gereji itasubiri. Na milango ifunguke kwa ndani, Shabani, kila mlango, hata wa choo, hata kama matroni atalalamika mpaka achoke.

Lakini nakujua wewe mwanangu. Una moyo wa baba yako, ukishaahidi watu mbele ya kadamnasi huwezi kurudi nyuma, utaona aibu. Wageni watauliza kwa nini, kamati itauliza kwa nini, na wewe hutataka kulitaja kufuli, nami sitaki ulitaje. Utaniahidi hapa kitandani, halafu nikishazikwa watakubembeleza, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila safari hii guu litakaloumia si lako. Kwa hiyo nimetafuta sababu ambayo utawapa na hakuna atakayekuuliza ya pili.

Mzee wake Gidahosh alipofariki, baba yenu alinichukua tukaenda kule bondeni. Wabarabaig mzee wao mkubwa humzika kwa kumjengea kilima cha udongo, na shughuli yake huchukua miezi, ukoo wote unakuja. Kilichonishangaza ni baadaye. Tulipita pale miaka mingi mbele, boma limeshahama, watu wengine wamelima kila upande, na kaburi liko vile vile, trekta limelizunguka. Nikamuuliza Gidahosh nani analilinda, akaniambia halilindwi, mzee mwenyewe anatosha. Hapa kwetu Katesh kila mtu anaijua heshima hiyo, Mwislamu, Mkristo, Mbarabaig, Mwiraqw, hakuna fundi wa hapa atakayetia sururu juu ya mama wa mtu.

Basi nizikeni mimi pale. Msinipeleke makaburini kwa baba yenu, tumeshakaa pamoja vya kutosha, atanisamehe. Nimemuuliza sheikh, amesema ardhi ni yangu na haina kizuizi. Liondoeni jiwe la msingi, na hapo lilipokaa, katikati ya kiwanja, ndipo mchimbe. Sitaki kilima, kaburi liwe la kawaida kama dini ilivyotufundisha, liinuke shibiri moja tu juu ya ardhi. Wanangu, mwenye kuwaambia hivi ni mtu ambaye hajakanyaga Jorodom tangu ile asubuhi. Mkinipitisha na gari nafumba macho. Nikiwaza nalazwa chini ya udongo ule, na mlima pale juu, na mvua za Desemba zinakuja, meno yanagongana. Mnayasikia? Lakini mimi nitakuwa mmoja, na nitakuwa nimeshakufa.

Safina, tangu Jumamosi husemi na kaka yako kwa sababu alikuficha hesabu za kiwanja hiki. Yamekwisha leo. Mpe mkono wako ule mwingine. Mpe, nione. Ulikuwa na haki, lakini ulimi wako ni wangu, unakata, upunguze. Shabani, mheshimu dada yako, usimfiche jambo la mali hata dogo. Mtu akija dukani ana shida mtazameni usoni kabla hamjatazama mikono yake. Gidahosh akija kwenye msiba mpeni kiti cha mbele. Na Juliana aniogeshe, pamoja na wanawake wa msikitini. Yeye si wa dini yetu, najua... basi akae mlangoni. Akae karibu.

Yeyote niliyemkosea, niombeeni radhi kwake. Sina nafasi ya kuwataja.

Mungu awape... awape kizazi kisichoogopa mvua. Awape riziki na mkono wa kuitoa. Mlivyonitunza, mtunzwe. Kila mlichonivumilia, mvumiliwe.

Shabani. Nimekuomba jambo, baba. Utanizika pale?

Sikusikia. Inama.

Sema tena, dada yako asikie.

Haya. Haya, baba. Basi nimeridhika... wasichana wa watu wamepona. Laleni huku na huku kando yangu, msizime taa. Sasa niacheni niogope ya kwangu.