Risala ya Kiraka cha Bawa la Kushoto

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Makumbusho. Maofisa uliofuatana nao. Majirani mliobanana mlangoni. Nawe Mzee Spana uliyekaa kiti cha mbele:

UKARIBISHO

Karibuni sana chumba cha nyuma ya gereji. Harufu ya gundi mtatuwia radhi. Dirisha tumelifungua leo kwa heshima yenu. Siku nyingine halifunguliwi, maana vumbi likigusa rangi mbichi, kazi ya wiki nzima imekwenda na maji.

HISTORIA

Tulianza miaka mitatu iliyopita, Mzee Spana alipoingia hapa kutafuta kipande cha bati. Wakati wa vita alikuwa fundi wa ndege za kivita. Macho yalishaanza kufifia, na alitaka, kabla hayajazima kabisa, atengeneze mfano wa ndege moja tu aliyoihudumia kwa mikono yake. Tukamwambia, "Mzee, sisi tunanyoosha magari. Ndege tunaziona zikipita tu." Akajibu, "Bati ni bati. Nyie leteni mikono, akili ninayo." Basi tukakaa. Leo tuko sita.

MAFANIKIO

Ndege ndiyo hiyo mezani, sehemu moja ya kumi ya ile ya kweli. Mifupa ni mbao, ngozi ni mikebe ya maziwa ya unga. Mistari ya ribiti, vile vipini vya kubana bati, ilipigwa na Shangazi, fundi cherehani wetu, kwa kigurudumu chenye meno anachochorea vitambaa. Masizi ya kwenye mabomba ya moshi ni ya mshumaa. Mkanda wa rubani Shangazi ameushona pande zote mbili, hata upande usioonekana. Na tulipokosa uzi mwembamba wa antena, aling'oa unywele wake mweupe mbele yetu akasema, "Si mnasema akili ni nywele? Haya, nawapa mmoja." Haujakatika mpaka leo.

CHANGAMOTO

Kubwa kuliko zote tulijitakia wenyewe, na kusema kweli niliileta mimi ninayesoma.

Mwaka jana Mzee Spana alikata kibati cha ukubwa wa stempu, akakibandika juu ya bawa la kushoto. Kiliinuka kidogo na rangi yake haikulingana na bawa. Mimi ni fundi wa kunyoosha bodi. Miaka ishirini kazi yangu ni kuhakikisha ukipitisha kiganja kwenye gari usijue liligongwa wapi. Nikadhani macho ya mzee yamekosea. Bila kuuliza mtu nikapaka puti, nikapiga msasa, nikapulizia rangi, bawa likawa laini kama yai. Nikajisifu!

Jumamosi Mzee akaja, akapitisha kidole. Akarudia. "Nani kakitoa?"

"Mimi, Mzee. Nimekutengenezea."

Hakugomba. Alichukua fimbo yake akaondoka, na wiki tatu hakukanyaga hapa. Shangazi akamfuata nyumbani, akarudi analia.

Kumbe vitani bawa lile lilitobolewa na risasi, na bati halikuwepo. Fundi mwenzake, rafiki yake wa kulala chumba kimoja, akakimbia kuchomoa bati kwenye ndege iliyoanguka ng'ambo ya uwanja. Alirudi nalo kalikumbatia kifuani, kapigwa risasi. Akafa jioni ile. Mzee Spana akalipigilia, na asubuhi ndege ikaruka na bawa la rangi mbili. Orodha za mashujaa zina marubani. Fundi yule hakuandikwa popote. Alama yake duniani ni kiraka hicho, nami nikakifuta kwa kiherehere changu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Nilikwangua bawa kwa wembe siku nne. Kiraka kilirudi Mzee akiwa kashika mkono wangu, ananielekeza.

Sasa, Mgeni rasmi, barua ya ofisi yako inasema ndege itawekwa kwenye kabati la kioo la ukumbi mpya kwa sharti moja: bawa la kushoto lisawazishwe na lipakwe rangi moja, wageni wasije wakadhani ni kazi mbovu. Hatukulaumu. Mimi pia nilidhani hivyo, tena nina cheti.

MAOMBI

Yalikuwa saba. Jana tumefuta sita. Feni na meza tutajijua. Limebaki hili: ndege iingie ukumbini kama ilivyo, na chini yake pawe na kadi inayosema bati la bawa la kushoto lililetwa na nani.

Ukikataa, hatutagombana, ila ndege haitoki humu. Kiraka hakiguswi tena. Tumepiga kura, sita kwa sifuri.

Jina la fundi yule hatulijui hata sisi. Mzee Spana hajalitamka tangu vita viishe. Anasema atalitaja siku litakapopata mahali pa kuandikwa.

Mungu akujalie afya, Mgeni rasmi, akuongoze katika kazi yako, na akurudishe salama kwa watoto wako. Kadi tumeiweka mbele yako, na kalamu hii hapa. Mzee yuko tayari.

Ni sisi,
Mafundi wa Chumba cha Nyuma