Radostina Tasheva, Aliyezuia Ukurasa Usifutike

Tunasoma habari za mtu ambaye Jumapili mchana alikuwa akitutania mezani. Mtuwie radhi sauti ikikatika. Hata sisi tulioandika hatujaamini tulichoandika.

Marehemu Radostina Tasheva, ambaye nyumbani tulimwita Rada, alizaliwa tarehe 14 Februari 1983 mjini Asenovgrad. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Todor Velkov na Bi. Malina. Kwa desturi ya kwetu, siku hiyo ndiyo ya kupogoa mizabibu na kuimwagia divai shinani, kwa hiyo baba alipata habari akiwa shambani, mkasi mkononi, divai tayari kichwani. Akaenda hospitali akiimba. Muuguzi alimzuia mlangoni: “Mzee, nenda kaoge kwanza. Mtoto atalewa kwa harufu tu.” Jina walilompa, kwa lugha yetu, lina neno furaha ndani yake, naye alilitendea haki.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Asenovgrad, kisha sekondari ya hisabati mjini Plovdiv, na kuanzia mwaka 2002 hadi 2006 alikuwa Chuo Kikuu mjini Sofia akisomea kompyuta. Mwaka wake wa kwanza aliomba chumba cha bweni kwa mtandao. Alijaza kila kitu, akabonyeza kitufe cha kutuma, ukurasa ukaanza kujipakia upya, mtandao ukakatika, na yote aliyoandika yakapotea. Krismasi alikuja nyumbani bado amenuna, akanililia mimi kaka yake.

“Kaka Ognyan, ni haki kweli? Mtu aandike mpaka vidole viume, abonyeze mara moja, yote yafutike?”

“Si uandike kwa kalamu, bibi wewe!”

“Kalamu ya nini? Nitaurekebisha huo ukurasa.”

Hakuwa anatania. Mwaka 2006 aliajiriwa na kampuni ndogo ya kutengeneza tovuti mjini Plovdiv, na huko ndiko alikofanya kazi hadi mwisho. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuzifanya fomu zitume taarifa kwenye seva, ile kompyuta inayozipokea, bila ukurasa kujipakia upya. Mama alipomuuliza maana yake, alisema: “Mama, ni kama mgeni anayekupa ujumbe dirishani. Huna haja ya kubomoa nyumba na kuijenga upya ili uupokee.” Mama akamjibu kwamba mgeni mwenye adabu hupita mlangoni.

Mume wake alimpata kwa kazi hiyo hiyo. Kamen Tashev ni mfuga nyuki. Aliagiza mitungi ya kuwekea asali kwenye tovuti ambayo Rada ndiye aliyeitengeneza. Alibonyeza, ukurasa ukatulia tuli. Akabonyeza tena na tena. Wiki iliyofuata lori likamshushia mitungi ya kutosha wilaya nzima. Akapiga simu akifoka.

“Ndugu yangu, ulipobonyeza mara ya kwanza ilikwishafika,” Rada alimwambia. “Ukurasa hautikisiki, lakini taarifa zimekwenda.”

“Sasa mimi nitajuaje zimekwenda, dada, kama hakuna kinachotikisika?”

Kamen anasema alisikia vidole vikigonga kibodi upande wa pili. Halafu Rada akasema, “Umenishinda.” Tangu siku hiyo kila fomu yake ilifunga kitufe kikishabonyezwa, na seva ilipojibu, ilimwandikia mtu neno la kumtuliza moyo. Walifunga ndoa tarehe 5 Juni 2010. Mwaka 2012 walijaliwa binti yao, Biliana.

Kwa desturi hapa tungeeleza ugonjwa. Hatuna la kueleza, maana hakuugua. Jumapili tarehe 6 Oktoba 2024 tulikuwa uani kwa mama tukichoma pilipili hoho za kusaga na kuweka akiba ya majira ya baridi. Rada alikuwa akimenya maganda, anamchokoza Kamen kwamba nyuki wake wana akili kuliko yeye. Akaniambia, “Kaka, nisogezee hilo…” Akainama mezani. Tulicheka. Mungu atusamehe, tulicheka, tukidhani ni mchezo. Biliana ndiye aliyemgusa bega. Daktari alisema mshipa wa damu ulipasuka kichwani, na kwamba hata angekuwa hospitali asingewahiwa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Wasifu huu ungeishia hapo. Ulikuwa umeshapelekwa kuchapwa jana, walipofika nyumbani watu wawili ambao hakuna aliyewafahamu: Mhandisi Stamatov, mtumishi wa serikali ya mtaa, na mama mmoja mzee, Bi. Pavlina Drencheva, kutoka kijiji cha Gorno Lipovo. Mhandisi aliona tangazo la msiba limebandikwa ukutani na picha ya Rada, akaenda kumchukua Bi. Pavlina kwa gari.

Ndipo tuliposikia habari za mafuriko ya Septemba 2021. Simu za uokoaji zilikuwa zimezidiwa, watu wakaambiwa waombe msaada kwenye tovuti ya zamani ya serikali ya mtaa, na kampuni ikamtuma Rada kuisimamia.

“Nilimfokea,” alisema Mhandisi, aliyekuwa akiongoza uokoaji, kofia mkononi. “Nikamwambia, bibie, watu wako juu ya paa, wewe unanieleza mambo ya kitufe! Akanijibu, ‘Kitufe hicho hicho ndicho kinachowaacha juu ya paa.’”

Mtandao ulikuwa dhaifu, na kila aliyebonyeza ukurasa ulijipakia upya na kufuta alichoandika. Rada akaubadilisha saa hiyo hiyo: ukurasa ukabaki ulivyo, maneno yakabaki yalivyo, na taarifa zikawa zinajituma zenyewe kimyakimya mpaka seva izipokee.

Bi. Pavlina alikuwa darini na mumewe aliyepooza, maji yakipanda ngazi. “Nimeandika ombi, limefutika. Nimeandika, limefutika. Vidole vimelowa, simu inakaribia kuzima. Nikamwambia mzee wangu, tuagane. Nikajaribu mara ya mwisho. Safari hii halikufutika. Pakatokea maneno: ‘Tumekupata. Mashua inakuja.’ Nikaibusu simu.” Akatazama jeneza. “Miaka yote nilitaka kumwona aliyeniandikia. Nimeletwa kumwona hivi?”

Kamen alikuwa amekaa sakafuni. Alisema jioni ile ya mafuriko Rada alirudi, akala supu, akasema leo alikuwa na kakazi kadogo tu. Mama akaukamata mkono wa Bi. Pavlina.

Marehemu ameacha mume, Kamen, binti, Biliana, mama mzazi, Bi. Malina, kaka, Ognyan, yaani mimi ninayesoma, na wafanyakazi wenzake, wanaosimama pale nyuma na hawajui waweke wapi mikono. Bi. Pavlina aliuliza kwa haya kama naye anaweza kuandikwa, ingawa si damu yetu. Nilimtazama mama.

“Mwandike,” mama alisema. “Na mumewe pia.”

Tumeirudisha karatasi kwa mchapaji. Ameacha pia Pavlina na Hristo Drenchev, wa Gorno Lipovo, walio hai.

Rada wetu, Mungu akupumzishe kwa amani.