Mfuko Mkavu wa Bi Verlene

Ijumaa tarehe 28 Machi 2025, saa kumi jioni, Bi Verlene Stubblefield atakabidhi funguo za chumba cha mizani na kustaafu, baada ya kuitumikia Stesheni ya Samaki ya Ziwa Pruitt kwa miaka thelathini na mmoja, miezi miwili na siku kumi na nane.

Wasifu huu ni wa pili. Wa kwanza niliuandika Februari nikaupeleka kwa mpiga chapa, na ndani yake kulikuwa na sentensi niliyojivunia kuliko zote: kwamba katika miaka yake yote Bi Verlene hajawahi kupima samaki vibaya. Nakala mia mbili za sentensi hiyo ziko kwenye pipa la taka nyuma ya matangi. Mimi ni Royce Tidwell, mlisha samaki wa stesheni hii, na nimekaa meza moja na mwanamke huyu miaka kumi na tisa. Mshtuko bado haujaniisha.

Bi Verlene alizaliwa hapa hapa Texas mashariki, binti wa muuza chakula cha kuku, na alijua kusoma mizani kabla ya kusoma kitabu. Aliajiriwa tarehe 10 Januari 1994, akiwa mama wa watoto wawili na bila mume wa kumsaidia. Kazi yake ni rahisi kuisema. Ziwa letu lina besi, yule samaki wa kijani mwenye mdomo mpana unaoweza kumeza kifaranga cha bata, na watu wazima wenye akili zao huacha vitanda na ndoa zao kumfuata. Anayedhani amevunja rekodi ya ziwa humpigia simu Bi Verlene. Yeye huja na mizani iliyokaguliwa, utepe wa kupimia na mashahidi wawili wasio ndugu wa mvuvi. Hupima uzito, urefu na mzunguko wa tumbo, hupiga picha, kisha samaki hurudishwa majini akiwa hai. Bila saini ya Bi Verlene, samaki huyo hubaki kuwa maneno ya kinyozini.

Ameona mengi. Mwaka 2003 mzee mmoja wa kanisa la Kibaptisti alinasa samaki mkubwa Jumapili asubuhi, saa ambayo alipaswa kuwa ibadani. Hakuwa na tangi, akamtia kwenye birika la ubatizo. Bi Verlene alifika na gauni lake la kanisani, akatundika mizani kwenye ngazi ya birika, na kwaya nzima ikawa shahidi. Samaki alipungukiwa na ratili mbili kufikia rekodi. Mchungaji akauliza kama maji yamwagwe. "Yaache tu, mchungaji," Bi Verlene akamjibu. "Samaki katoka safi. Mwenye dhambi ni huyu aliyemleta."

Mwaka 2011 jamaa wa kaunti ya jirani aliteremka kwenye pikapu mpya na samaki ambaye tumbo lake liligonga kama kopo la misumari. Bi Verlene alimbonyeza, akasikiliza, kisha akamchomoa kooni chubwi tisa za risasi, zile za kuzamishia ndoana, na kuzipanga mezani. "Huyu wako, kaka, alikuwa anakula vibaya sana," akasema. Jamaa aliondoka bila hata ndoo yake. Tunamwogesha mbwa wa stesheni kwa ndoo hiyo mpaka leo.

Lakini kilichompa jina ni kanuni yake ya maneno mawili: Lowesha kwanza. Kabla ya samaki kuingia, mfuko wa kupimia lazima uchovywe majini, utikiswe, utundikwe, na mizani irudishwe kwenye sifuri mfuko ukiwa umelowa. Mfuko mkavu hunywa maji ya samaki, na maji hayo huhesabiwa kama nyama. Kanuni hiyo aliiandika mwaka 1996, na stesheni za maziwa sita ya jirani zikaiiga. Mwaka 2008 alipewa kibao cha shaba kwa ajili yake, akakitundika chooni. Sisi tukasema, huo ndio unyenyekevu.

Tulizoea pia kuona kwamba akipima samaki mkubwa hufumba macho kabla ya kusoma namba. Tulidhani anaomba. Mimi hata nilianza kuvua kofia.

Jumamosi tarehe 1 Machi mwaka huu, saa moja kasoro robo asubuhi, Marisela Quintanilla, dereva wa basi la shule, alipiga simu kutoka gati la kaskazini akilia na kucheka kwa pamoja. Tulimkuta amepiga magoti ndani ya boti yake ya bati, ameshikilia jike lenye mayai. Mimi nalisha samaki kwa riziki yangu na sijaona tumbo kama lile. Bi Verlene alilowesha mfuko, akaweka sifuri, akamtundika samaki, akafumba macho, akafumbua. Ratili kumi na sita na wakia tano.

Kila mtoto wa mji huu anajua rekodi ya Ziwa Pruitt: ratili kumi na sita na wakia saba. Ni ya Mzee Odell Pickard, mwenye duka la chambo, tangu Machi 1994. Imeandikwa kwenye mnara wa maji na kwenye kibao cha kuingilia mjini, na mzee mwenyewe ana samaki wa plasta ukutani dukani kwake, mwenye lebo ya shaba.

"Wakia mbili!" Marisela akapiga kelele. "Jamani, wakia mbili! Si ningempa hata kifungua kinywa kwanza!"

Nilicheka. Bi Verlene hakucheka, na uso ulikuwa umemtoka rangi. "Mrudishe majini, mwanangu, taratibu," alimwambia. "Lakini usiende nyumbani. Twende ofisini."

Ofisini alifungua ile droo ya chini ambayo miaka yote tuliambiwa ina karatasi za marehemu mama yake. Akatoa mfuko wa turubai, mzito, wa mtindo wa zamani. Akautundika mkavu, akaweka sifuri. Akauchovya kwenye ndoo, akautikisa, akautundika tena. Mizani ikasoma wakia sita, na hakukuwa na samaki ndani.

"Mfuko huu ndio uliompima samaki wa Odell," alisema. "Nilikuwa na wiki ya nane kazini. Niliuweka sifuri ukiwa mkavu."

Nilitafuta kiti, nikakosa, nikakaa juu ya gunia la chakula cha samaki. Alikuwa amegundua mwaka 1996, siku stesheni ilipoletewa mifuko ya nailoni na yeye akafua ule wa turubai kwa mkono. Samaki wa Mzee Odell alikuwa ameshaogelea zake miaka miwili. Huyu mama aliogopa kwamba watoto wake watakosa mkate, na kwamba mzee, ambaye dukani kwake watu walikuja kutoka mbali kumshika mkono tu, ataaibika. Kwa hiyo aliandika kanuni ili kosa lisirudiwe, na akanyamaza kuhusu lililokwisha kutendeka. Alirudia jaribio lile mara arobaini na nne, mwenyewe, saa za chakula cha mchana, akiandika kwenye daftari. Turubai halikuwahi kunywa chini ya wakia tano wala zaidi ya saba. Maana yake samaki wa Mzee Odell hakuzidi ratili kumi na sita na wakia mbili.

Alijiambia kuwa hakuna aliyedhulumiwa, mpaka siku atakapotokea samaki wa kuingia kwenye lile pengo kati ya uzito wa kweli na ule wa kwenye mnara wa maji. Miaka ishirini na tisa alikuwa akifumba macho mbele ya mizani akimwogopa samaki huyo. Nami nilivua kofia!

Marisela alituangalia mmoja mmoja. "Mama, msinifanyie utani," alisema. "Mimi nimekwisha kujizoesha na nafasi ya pili."

Nasema bila kuficha kwamba nilikasirika. Nilimkasirikia kwa kunidanganya, halafu nikamkasirikia zaidi kwa kusema ukweli wakati keki imeshaagizwa. Jumatatu bosi wetu alifunga mlango na kumwambia, "Verlene, zimebaki siku ishirini na tano. Andika nafasi ya pili, tia saini, nenda kapumzike. Nani atajua?"

"Marisela anajua, na Royce anajua," alijibu, akaninyooshea kidole. Bosi alinitazama, na nilitamani kuwa ndani ya tangi pamoja na samaki.

Mchana huo aliniomba nimpeleke kwa Mzee Odell. Mzee ana miaka themanini na mitatu, magoti yamekwisha, na tulimkuta nyuma ya kaunta akimenya karanga za kuchemsha. Bi Verlene alimweleza akiwa amesimama, bila kupamba neno, na mfuko ameushika mkononi. Nilijiandaa kwa ugomvi wa wakia. Mzee alimenya karanga tatu nzima kabla ya kufungua mdomo.

"Ulijua lini?"

"Tisini na sita, Mzee Odell."

"Tisini na sita nilikuwa na miaka hamsini na minne!" Alipiga kaunta, karanga zikaruka. "Wakia nazijali nini mimi! Unaona ule ufito wangu wa kuvulia pale ukutani? Niliutundika kwa sababu yako! Wenzangu wakija kuniita alfajiri, nawaambia nendeni nyie, mimi nimeshafika. Kumbe sijafika! Ungeniambia, Verlene, ningerudi majini kesho yake. Nilikuwa na magoti!"

Hakuna kati yetu aliyekuwa amewaza hilo. Miaka yote Bi Verlene alidhani anamtunzia mzee heshima yake, kumbe alikuwa amemnyima ziwa. Alilia pale pale, katikati ya ndoo za minyoo, na mimi nilijifanya nasoma bei za ndoana. Mzee alipanda kigoda kwa taabu, akang'oa ile lebo ya shaba chini ya samaki wa plasta, akaitupa juu ya kaunta. "Mpelekeeni huyo binti," alisema. "Sasa tokeni dukani kwangu, wote wawili."

Tarehe 10 Machi rekodi ya Ziwa Pruitt iliandikwa upya: Marisela Quintanilla, ratili kumi na sita na wakia tano. Chini yake Bi Verlene aliandika kwa kalamu sababu ya ile ya zamani kufutwa, akataja jina lake mwenyewe na mwaka. Kibao cha shaba alikitoa chooni, akakirudisha kwa waliompa. Mjini baadhi ya watu waliacha kumsalimu, na wengine walileta pai. Duka la Mzee Odell lilifungwa kwa wiki mbili bila tangazo lolote, na kila asubuhi Bi Verlene alipita pale kwa gari, polepole, akiangalia mlango.

Jumatatu ya wiki hii mzee aliingia ofisini kwetu na mkongojo mkono mmoja na ule ufito mkono wa pili. Ulikuwa umefungwa uzi mpya. Hakusalimia mtu.

"Verlene. Jumatatu ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, gati la kaskazini. Magoti yangu hayawezi kuendesha boti. Utaendesha wewe."

"Mzee Odell, mimi sijavua samaki hata mmoja tangu niajiriwe. Kanuni hazituruhusu. Sijui hata kutupa ndoana."

"Nani kakwambia utavua? Mvuvi ni mimi. Wewe utaendesha na kunyamaza. Kunyamaza si unajua?"

Bi Verlene akaanza kucheka, kicheko ambacho sijakisikia kwake miaka kumi na tisa. Mzee hakucheka, ila alivuta kiti akakaa, akaomba kahawa.

Basi, karibuni Ijumaa, nyuma ya matangi. Kutakuwa na kambare wa kukaanga na chai ya baridi, na keki, ambayo tumeifuta yale maandishi ya "hajawahi kukosea" kwa kisu cha siagi. Marisela ataleta lebo ya shaba kwa wanaotaka kuishika.

Bi Verlene, asante kwa samaki elfu moja mia mbili na kumi na wawili uliowapima sawasawa, na asante, ingawa imeniuma, kwa kutuambia habari za yule mmoja. Tunakutakia siku nyingi nje ya chumba cha mizani, upepo mdogo na abiria mwenye hasira za kadiri. Yule jike wa Marisela bado yumo humo ziwani na anaendelea kula. Wewe na Mzee Odell mkimpata, msihangaike kupiga simu. Jumatatu nitakuwa gatini kabla yenu, mizani imetundikwa, na mfuko utakuwa umeshalowa.