Ndugu Kibwana Mhina: Maji ya Kwaluguru na Jagi la Mzee Okada

Jumamosi hii, tarehe 31 Machi 1984, Ndugu Kibwana Mhina, Fundi Mkuu wa Karakana yetu ya Pampu hapa Korogwe, anastaafu baada ya kuutumikia umma kwa miaka ishirini na miwili kamili. Alianza kazi tarehe 2 Aprili 1962, bendera ya Uhuru ikiwa haijatimiza hata miezi minne mlingotini. Aliajiriwa kama mpaka grisi. Leo hakuna pampu kati ya Handeni na Korogwe isiyoujua mkono wake.

Mimi ninayeandika ni Mwanaidi Mdoe, karani wa stoo, na nimefanya naye kazi miaka kumi na tano. Nimeombwa nieleze sifa zake. Nitazieleza, ila nianze na la moyoni: spana namba kumi na tisa aliyoisaini mwaka 1971 haijarudi mpaka leo.

Ndugu Kibwana hutibu pampu kwa sikio. Huweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, hufumba macho, kisha hutaja ugonjwa. Wageni wengi walimcheka mpaka walipofungua wakakuta alichokisema. Mwaka 1970 alikaa Vugiri, huko milimani, wiki tatu kwenye baridi ile akifunga mabomba, akarudi na kikohozi na gunia la viazi, vyote viwili akatugawia. Bwana Kantilal, mwenye duka la vyuma mjini, alikuwa akimwona tu anaingia anaanza kufungua makabati, kwa kuwa fundi wetu hakutaja namba ya beringi hata siku moja. Alifumba ngumi kidogo, akasema ni kama hii, na ikawa kweli ni kama ile.

Lakini kazi haikuwa kicheko siku zote, na liko jambo moja alilotuapisha tusilisimulie mpaka astaafu. Sasa amestaafu.

Mwaka 1974, watu walipokuwa wakihamia kijiji kipya huko Kwaluguru, wengi walisita kwa sababu mahali penyewe palikuwa pakavu. Kisima kirefu kikachimbwa, na pampu mbili zikaja kutoka Japani pamoja na fundi wao, Bwana Tanabe, ambaye Kiswahili chake alijifunzia hapa hapa karakanani, matusi kwanza. Kwenye mkutano wa hadhara Ndugu Kibwana alisimama akasema maji hayatakatika, na yakikatika waje wamuulize yeye. Dada yake, Bi. Zuena, alikuwa na shamba zuri karibu na kijito. Aliyasikia maneno yale, akaibomoa nyumba yake na kuhama. Hakuhama kwa amri ya mtu. Alihama kwa neno la kaka yake.

Pampu ya kwanza haikumaliza hata mwaka, vipuri vyake tukavihamishia ya pili. Agosti 1976, gurudumu la chuma lililo tumboni mwa hiyo ya pili, lile linalosukuma maji juu, likapasuka. Mvua za masika nazo zilikuwa zimekosa. Wanawake wakawa wanatoka alfajiri kufuata maji na kurudi jua la utosi. Familia kumi na moja zikafunga mizigo. Bi. Zuena hakuwa na pa kurudi, shamba lake lilikuwa limeshakuwa pori, naye akaacha kabisa kumsemesha kaka yake. Nilijua mambo ni mazito siku Ndugu Kibwana alipopita stoo bila mzaha wowote akarudisha spana mbili.

Mwezi uliofuata alipelekwa Japani kwa mafunzo ya miezi mitatu. Alilibeba lile gurudumu bovu ndani ya gunia la katani, akakataa kuachana nalo hata kwenye ndege. Kiwandani wakamwambia aina ile haitengenezwi tena. Kalibu yake, umbo la kumiminia chuma kilichoyeyushwa, alikuwa nayo mzee aliyezisubu pampu zile, Mzee Okada, ambaye alistaafu akarudi kijijini kwake pwani. Barua mbili za kiwanda hakuzijibu. Zilikuwa zimebaki siku tano Ndugu Kibwana arudi nyumbani. Bwana Tanabe, ambaye alikuwa amesharudi kwao, akampakia kwenye garimoshi, wakaenda.

Kijiji kilikuwa kimya, nyavu zimeanikwa na milango imefungwa kwa ubaridi. Bwana Tanabe alimwonya njiani kwamba mzee hapokei wageni nyumbani na hazungumzi kazi mchana. Jua likielekea kutua huenda kwenye izakaya, ndivyo wanavyokiita kijumba cha kula na kunywa. Humo, akitaka, husikiliza. Asipotaka, hakuna wa kumlazimisha.

Palikuwa na viti saba tu mbele ya ubao mrefu, na nyuma yake mama mmoja akikatakata samaki. Walipoingia, mazungumzo yakakatika. Mzee Okada alikuwa mwisho kabisa na hakugeuka. Ndugu Kibwana akakaa kando yake, gunia mapajani. Mama akampa kila mtu kitambaa chenye unyevu, moto. Fundi wetu akakielewa upesi: kitambaa cha kukaushia mikono, basi maji ya kunawa yako njiani. Na kweli, likaja jagi dogo la udongo likifuka mvuke, pamoja na bakuli tupu.

Sasa, ndugu msomaji, wewe umelelewa huku. Uko na mzee, chakula kinakuja, maji ya moto yameletwa, na wewe ndiye mdogo. Utafanyaje? Ndugu Kibwana aliinuka, kitambaa begani, jagi mkono wa kulia na bakuli wa kushoto, akapiga goti mbele ya Mzee Okada. Mzee akanyoosha kikombe. Fundi wetu akakichukua kwa upole akakiweka kando, akamfungua viganja vyote viwili, akamnawisha mpaka jagi likaisha.

Harufu ndiyo iliyomwambia. Ilikuwa pombe yao ya mchele, ile inayonywewa ya moto.

Kisu cha mama kilisimama hewani. Bwana Tanabe alifumba macho. Pombe ilidondoka kutoka vidole vya mzee, tone kwa tone, na Ndugu Kibwana, ambaye hajawahi kuonja pombe maishani mwake, akawa amepiga goti katikati ya harufu ile akiwaza kwamba amekimaliza kijiji cha Kwaluguru kwa mikono yake mwenyewe. Aliniambia alimwona Zuena usoni pake kabisa, na hakumwona akilia. Alimwona akitafuta njia ya maji.

Mzee Okada alivitazama viganja vyake, kisha akasema neno. Bwana Tanabe akatafsiri: "Anauliza, kwenu mnamfanyia hivi nani?"

"Mkubwa wangu, kabla hajala," akajibu Ndugu Kibwana. "Kwetu mzee hajimwagii maji mwenyewe." Halafu, kwa kuwa alijiona hana cha kupoteza tena, akaongeza: "Ila siku hizi huko Kwaluguru hatunawishani. Maji hayatoshi."

Tanabe alipomaliza kutafsiri, mzee alinyoosha mkono kuelekea gunia. Akalitoa gurudumu, akapitisha kidole kwenye ufa, akaligeuza, akagusa alama ndogo aliyoipiga mwenyewe zamani. Kisha akalirudisha, akainuka, akavaa koti na kutoka. Samaki wake alibaki vilevile.

Ndugu Kibwana alimuuliza Tanabe maana yake. Tanabe akasema hata yeye hajui. Yule mama akawamiminia chai, na kila kikombe kilipoisha akajaza tena. Kule ukimaliza maana yake unataka kingine, na huku kwetu huwezi kuacha chai ya watu. Alikunywa vikombe kumi na vinne.

Usiku hakulala. Asubuhi Bwana Tanabe akamwita dirishani amwonyeshe moshi mweusi ukipanda nyuma ya nyumba ya Mzee Okada. Tanuru lilikuwa limewashwa. Mzee aliyasubu magurudumu matatu, akayapoza, akayachonga mwenyewe, na siku ya nne akayafunga katika gunia lile lile la katani. Hakuomba kitu. Alinyoosha tu viganja vyake viwili, na safari hii fundi wetu aliliomba jagi kwa mama, akalinusa kwanza, akamnawisha kwa maji.

Desemba ile pampu ilizunguka tena. Bi. Zuena alikinga ndoo ya kwanza, akampita kaka yake pale kwenye mashine na kusema bila kusimama: "Leo utakula kwangu." Familia saba kati ya zile kumi na moja zilirudi. Ndugu Kibwana alimwendea mwalimu wake wa madrasa kuuliza habari ya ile pombe mikononi, akaambiwa anawe na amshukuru Mungu. Wiki iliyofuata alichukua tena spana stoo, tatu, na mimi nilifurahi kupita kiasi, ingawa sikumwonyesha.

Mzee wetu, asante kwa miaka ishirini na miwili. Asante kwa neno ulilolitoa Kwaluguru na ukalihangaikia kama deni la damu. Gurudumu la pili la Mzee Okada linazunguka huko mpaka leo, na la tatu liko stoo kwangu, halitoki bila saini. Spana namba kumi na tisa tumekusamehe. Tunakutakia uzee wenye afya, shamba lenye mvua, na maisha mema pamoja na wote wanaokupenda.

Kabla ya pilau ya leo, tafadhali usiinuke. Wewe ndiye mkubwa hapa. Dada yako amefika asubuhi kutoka Kwaluguru na ndoo ya maji kichwani, naye ndiye atakayekunawisha. Kunjua viganja, Mzee Kibwana. Jagi nimelinusa mwenyewe.