Mwenzetu Mwanvua Amefungiwa Ndani

Mgeni rasmi, Mama Médiatrice, uliyetumwa kwetu na ofisi ya mambo ya wanawake. Wazee wetu, mama zetu: assalamu alaykum, na amani kwenu nyote.

KARIBU BUYENZI
Tunafurahi kukuona, na tunaogopa pia, tusikufiche. Risala waliyoipitisha wazee ilihusu vyerehani. Hii ni nyingine. Aliyechaguliwa kukusomea ni Mwanvua, lakini amefungiwa ndani tangu Jumapili, kwa hiyo nimesimama mimi Assia, mdogo wake.

TULIKOTOKA
Sisi ni wasichana wa Kiislamu na wa Kikristo, tunashona pamoja tangu vita vilipofunga shule yetu. Zamani msichana akivunja ungo alikabidhiwa somo, mwanamke wa mtaani aliyemfundisha habari za mwili wake na za unyumba. Somo huyohuyo alimkagua kabla ya ndoa, kisha akatoka kuwaambia wakubwa kama binti ni mzima, hajaguswa na mwanamume. Sisi hatukuulizwa neno, tukaona ndivyo dunia ilivyo.

TULICHOPATA
Vita vimewatawanya wanawake hao. Sasa tunafundishana wenyewe huku tukipiga pasi, na muuguzi mmoja, dada Elvire, anatujibu yale ambayo mama zetu hawakuthubutu kuuliza. Tumejua kwamba ukaguzi ule hauonyeshi kitu. Tumejifunza kusema sitaki. Hata bibi Khadidja, somo wa mwisho aliyebaki kwetu, alipoitwa juzi kumkagua Mwanvua alikataa. Alisema, "Mi nilifanya ile kazi miaka mingi, na sikujua kitu. Nilikuwa naangalia sura ya mutoto, yule mwenye kuogopa namusema mubaya. Apana, siwezi tena."

Tulilia tuliposikia hayo, maana nani kati yetu haogopi?

SHIDA YETU
Jumamosi Mwanvua alipeleka nguo za harusi za mteja kule Carama pamoja na mwenzetu Consolate. Risasi zikaanza, barabara ikafungwa, na marufuku ya kutembea usiku ikawakuta hukohuko. Wakalala darasani na watu wengine waliokimbia. Consolate alikuja kwetu akaapa, "Nililala pembeni yake, mukono wangu ndani ya mukono wake." Upande wa mchumba wa Mwanvua hawakumsadiki. Wanasema kama bibi amekataa kukagua, basi jibu wanalo. Baba yetu, Mzee Djibril, ameshindwa kuvumilia aibu, na kesho anampandisha Mwanvua basi kwenda kwa shangazi yetu Muyinga. Njia hiyo mnaijua wote. Basi la wiki iliyopita halikufika.

Tulijiuliza pia kama kweli alilala na mwanamume. Kila mtu akaangalia kitambaa chake. Halafu tukakubaliana, Waislamu na Wakristo: hata kama ni kweli, asiende kufa kwa ajili hiyo.

OMBI
Mgeni rasmi, vyerehani vingoje. Baba yetu yuko mstari wa mbele, ni yule aliyekumiminia chai. Sisi tunamwogopa, ila wewe atakusikiliza. Tunakuomba umwombe hapahapa, mbele ya watu, kabla hujaondoka, asimsafirishe binti yake. Kama nyumbani hapana nafasi, tutakaa naye sisi.

Mungu akurudishe salama Kigobe, na sisi atuamshe kesho tukiwa wote.

Ni sisi, wasichana washonaji wa kikundi cha Tushikamane, Buyenzi.

Baba, usitoke. Nakuomba ukae.