Tairi la Akiba

Treni ilipoondoka, kipa wa akiba alishusha kofia mpaka kwenye nyusi. Abiria wawili waliokaa mbele yake, ambao hata hawakujuana, walikuwa wanamsema yeye, naye alimshukuru Mungu kwamba hawakumtambua.

"Mtu analipwa kukaa benchi!" alifoka fundi magari, ovaroli yake inanuka oili. "Msimu mzima hajagusa mpira, na mshahara wake unanishinda mimi ninayelala chini ya malori!"

"Kwani wewe, baba, husafiri bila tairi la akiba?" aliuliza mama aliyekuwa akifuma sweta, wala hakuinua macho.

"Tairi halidai mshahara, mama."

"Wala halina moyo. Kijana wa watu anajifua sawa na wenzake, halafu anakaa pale akimwombea mwenzake asiumie, na mwenzake asipoumia, yeye hachezi. Hiyo nayo si kazi?"

"Kwa pesa ile, hata mimi ningeshinda naomba dua!"

Kipa aligeukia dirisha. Maneno ya yule mama, mkewe alishamwambia, lakini mke ni mke, atasema nini tena? Kuyasikia kwa mtu baki kulikuwa jambo jingine.

Treni ilisimama kituo cha uwanja wa mpira, fundi bado analalamika. Mama alikunja sweta lake, akainuka, na alipompita kipa akamgusa bega.

"Shuka, mwanangu, mazoezi yasije yakakupita," alimnong'oneza. "Na ufunge mkoba. Glovu zinachungulia."