Miaka Thelathini na Mmoja ya Viwashio: Bi Eduviges Urbán Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi miwili katika Karakana ya Cedillo na Wanawe, hapa Tultepec, Mexico, Bi Eduviges Urbán Solano anastaafu rasmi tarehe 31 Machi. Mwandishi ni mimi Eleuterio, mjenzi wa minara ya fataki. Nimeombwa niandike kwa adabu, na nitajaribu.

Aliingia kazini akiwa na miaka ishirini na tisa, akakabidhiwa mkasi na karatasi za kufungia baruti. Siku hizo minara tuliiwasha kwa sigara, na utambi ukizimika mtu anapanda kuangalia. Mwaka huohuo kaka yake, Amancio, alipanda. Kumbe utambi haukuwa umezimika. Alishuka na jicho moja.

Ndipo Bi Eduviges alipomfuata mzee Nabor Cedillo, mwenye karakana, akamwambia anataka minara iwashwe kwa umeme, mtu akiwa mbali nyuma ya ukuta. Mzee Nabor alicheka hadi akakohoa. "Umeme! Na ukikatika siku ya sikukuu, tumulike kwa kurunzi?" Alijibiwa kwamba betri ya gari inatosha, tena ya gari lake yeye, maana haliendi popote.

Mzee alikubali mwishowe, na kiwashio cha umeme alichoanza kututengenezea ni kidogo kama kichwa cha kiberiti: kiwaya chembamba, mchanganyiko unaoshika moto, na vanishi juu. Kikigoma, ubaya si giza. Ubaya ni yule atakayepanda kukiangalia, na Bi Eduviges hakutuacha tusahau hilo hata siku moja. Katika kila kundi la viwashio mia tano alichomoa ishirini, akavijaribu nyuma ya ukuta wa zege. Kimoja kikigoma, vyote mia tano vinaingia kwenye pipa la maji. Na aliyesahau kusokota pamoja ncha za waya, ili kiwashio kisijiwakie chenyewe, alisemwa mpaka mama yake nyumbani akapata habari!

Siku nne kabla ya sikukuu ya San Juan de Dios, mtakatifu msimamizi wetu mafundi wa fataki, mwaka ambao mnara mkubwa ulikuwa zamu ya mtaa wetu, vitatu kati ya ishirini viligoma. Kundi la pili, vinne. Mzee Nabor alipandwa na hasira.

"Mama wee! Mtaa mzima unanisubiri mimi! Vitatu, vinne tu, Eduviges! Unataka nikauze tamale za mahindi sokoni?"

"Kauze, mzee wangu, nitakuja kununua. Ila huyu Eleuterio hapandi kwa viwashio hivi."

Nami nilikuwa nimeshajigamba kwamba nitapanda. Ujinga wa ujana, Mungu anisamehe.

Alifuatilia safari ya kila sanduku mpaka akatukamata. Kwa desturi tulivipeleka viwashio kanisani vibarikiwe, na kwa kuwa tuliona aibu kumpelekea Mungu sanduku lililofungwa, tulikuwa tunalifungua. Mwaka ule tulikuwa na padri mpya, Hilarión, naye hakuwa mchoyo wa maji ya baraka. Vanishi ilikuwa bado haijapakwa, maji yakapenya. Bi Eduviges alikwenda kanisani kuongea naye, na padri alitoka humo akiwa mwekundu. Tangu hapo inabarikiwa mikono yetu, sanduku linabaki kabatini. Tulitengeneza vipya kwa siku tatu, mnara ukawaka wote, nami sikupanda popote.

Wengi wameuliza kwa nini anaondoka, ilhali mzee Nabor amembembeleza abaki, karibu apige magoti. Nitasema, maana yeye hatasema. Mwezi uliopita Yuridia, binti aliyefundishwa kazi naye, alijaribu ishirini kutoka kundi la Bi Eduviges mwenyewe. Kimoja kikagoma. Yuridia aliona haya, akataka kurudia kimyakimya.

"Labda ni betri, mama."

"Betri nzima, mwanangu. Mikono yangu ndiyo inayotetemeka. Lete pipa."

Alivimimina mwenyewe, vyote mia tano. Kwenye daftari la majaribio, katika safu ya sababu za kugoma, ambako miaka yote aliandika unyevu, waya au vanishi, safari hii aliandika jina lake kamili. Kisha akaenda kwa mzee Nabor kuomba kustaafu. Mimi nilitoka nje nikalia, na sioni aibu kusema.

Bi Eduviges, tangu viwashio vyako vianze kazi, hakuna mtu wa karakana hii aliyepanda mnara akaumia. Tuna wake, tuna wajukuu, tuna macho mawili mawili. Asante, mama. Haya maisha tuliyo nayo sisi wajenzi wa minara umetulindia wewe; yako yaliyobaki na yawe mema.